Mahali Walipolala Ng'ombe

"Leo umekula nini?" aliuliza Bi Kyarisiima. Mikononi alishika ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, kikinukia moshi wa majani.

Projest alijibu kwamba tangu alfajiri hajatia kitu kinywani.

Haikuwa kweli. Asubuhi ile, Nyakatuntu, mkulima aliyempa malazi, alimwekea ndizi zilizopikwa na maharage, naye akala mpaka akafungua kifungo cha chini cha shati. Alijua vizuri kwamba wafugaji hawampi maziwa mtu aliyekula maharage siku hiyo. Huamini kwamba kiwele cha ng'ombe aliyekamuliwa kitaharibika. Lakini shuleni walifundishwa kuwa hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana, na mwendo wa mchana kutwa ulikuwa umemmaliza. Akapokea ekyanzi kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini.

Mwaka ule, 1936, wanafunzi wa mwisho wa shule ya makatekista walitumwa wawili wawili kuhiji mahali patatu ambapo imani ilianzia katika nchi yao: kilima iliposomwa misa ya kwanza, chemchemi walipobatizwa watu wa kwanza, na kaburi la katekista Kashaija, aliyefundisha peke yake miaka tisa huku mbugani. Kila mahali walitakiwa kusali, na kuandika maneno ya mtu aliyeona kwa macho yake. Ambaye hangeleta maneno ya mahali pote patatu kabla ya Jumapili hangepewa kigango cha kufundisha.

Mwenzi wa Projest alishikwa na homa siku ya pili, akarudi. Tangu hapo Projest alitembea peke yake. Kilimani alisali peke yake, chemchemini pia, na wazee waliomsimulia habari walimaliza wakarudi kwenye kazi zao. Njiani alijikuta akisema rozari kwa sauti kubwa, apate tu kusikia sauti ya mtu.

Sasa palibaki kaburi. Kashaija alikuwa mume wa Bi Kyarisiima, na ni yeye tu aliyebaki hai kati ya waliomzika. Alikuwa ameahidi kwamba kesho, baada ya kukamua, atampeleka pale na kumsimulia jinsi mumewe alivyokufa.

Jioni hiyo Tumwine, mwana wa yule mama, alikaa na mgeni karibu na moto.

"Mtu wa migomba," alimwita. "Siku nne kwa miguu, unatafuta maiti. Huko kwenu wafu wamekwisha?"

Mkewe, Kemirembe, alicheka akiwa amejiziba mdomo. Projest naye alicheka. Kisha wale wawili wakaendelea kuzungumza habari za ndama na za majirani, watu asiowajua, naye akabaki akitazama makaa.

Asubuhi aliamshwa na ukimya. Watu wote walikuwa wamesimama kumzunguka Bihogo, yule ng'ombe mwekundu ambaye Projest alikunywa maziwa yake jana. Chuchu moja ilikuwa imevimba, na katika maziwa mlikuwa na nyuzi za damu. Bihogo alimrushia teke ndama wake alipokaribia.

Tumwine hakumtazama mgeni kabisa. Alimgeukia mkewe. Juzi na jana Kemirembe alishinda kwa wakulima akibadilisha samli kwa ndizi, na huko watu hawakosi maharage. Tumwine alimuuliza mara moja, akamuuliza tena. Kemirembe aliapa kwamba hakula. Tumwine akasema, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, kwamba afunge mzigo wake, arudi kwa baba yake mpaka ajifunze kusema kweli.

Projest alisimama mlangoni. Alijua kwamba ng'ombe huvimba kiwele hata pasipo maharage. Alijua pia kwamba akinyamaza nusu saa tu, atafikishwa kaburini na atayapata maneno aliyoyafuata. Kemirembe alikuwa ameanza kukunja mkeka.

"Ni mimi," alisema. "Jana nilikula maharage. Nilidanganya."

Tumwine aliokota fimbo yake, akaenda kufungua zizi. Kemirembe aliukunjua mkeka taratibu.

Bi Kyarisiima alichuchumaa kando ya Bihogo, akaanza kukikanda kile kiwele kwa maji ya moto. Alizungumza bila kugeuka.

"Mume wangu alikula maharage mara nyingi kwa watu aliowafundisha. Akirudi, alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia: mama, leo nimekula maharage, nipe maji. Miaka tisa. Wakristo wenzake walimcheka. Mimi nikamuuliza, nawe unaogopa? Akasema haogopi. Akaniambia: maziwa ni yako, mama, na wewe ndiye unayeogopa."

Projest alingoja aendelee. Hatimaye akamuuliza, kwa heshima, habari ya kaburi.

"Siwezi kumwacha ng'ombe hivi. Nenda mwenyewe, nyuma ya kile kilima. Tulimzika kama wanavyozikwa wenye mifugo, ndani ya zizi lake, kisha tukahama. Utapaona mahali walipolala ng'ombe."

"Shikamoo, mama," alisema, kwa kuwa hakujua aage vipi.

"Marahaba."

Alipanda kilima peke yake. Njiani aliyarudia moyoni maneno ya yule mama. Hayo tu ndiyo aliyopata ya kuandika, na hapakuwa na namna ya kuyaandika bila kuandika pia kwa nini aliambiwa.

Kutoka kileleni aliona kwamba nyuma ya kilima hapakuwa na hame moja tu la zizi. Yalikuwa matatu, maduara matatu ya majani mabichi yaliyonawiri kwa samadi ya zamani, katikati ya mbuga iliyokauka. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Aligeuka. Chini kule mama alikuwa bado ameinama, mdogo kama kidole, wala sauti isingemfikia.

Projest alishuka, akasali katika duara la kwanza, kisha la pili. Katika la tatu ng'ombe wa boma jingine walikuwa wamelala wakicheua, wala hawakuinuka. Alitafuta nafasi kati ya migongo miwili, akapiga magoti. Ng'ombe aliyekuwa karibu aligeuza kichwa, akamtazama kidogo, kisha akaendelea kucheua.