Maziwa katika Wimbo wa Barafu

Katika sehemu ya pili ya opera, mfalme kijana akishatoka kumfuata mpenzi wake, na mama yake mfalme akabaki peke yake jukwaani, watumishi wa kasri huwapitishia wageni barafu ya ndimu. Ndio ulikuwa utaratibu. Wimbo wa mama huyo, ulioitwa wimbo wa barafu, alipewa mwimbaji wa daraja la pili kwa kuwa hakuna aliyeusikiliza. Vijiko viligonga vikombe, mabibi walisengenyana, na Ortensia Gualdi aliimba habari za mwanamke aliyemkana mwanawe ili asiuawe.

Aliimba kwa Kiitaliano, kama opera zote za kasri lile la Kijerumani zilivyoimbwa. Mtawala aliipenda sauti yake zamani, miaka ile Ortensia alipowasili kutoka Bologna, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mapenzi yao yakazaa binti. Binti akatangazwa kuwa wa dada yake Mtawala. Ortensia alimnyonyesha majuma machache tu, dirishani, theluji ikianguka bustanini, na hadi leo akikumbuka joto la kile kichwa mkononi, moyo humchoma. Maziwa yakamkauka. Aliruhusiwa kubaki, mradi asifungue mdomo ila kwa kuimba.

Mwaka binti huyo, Leopoldine, alipoletwa mara ya kwanza kuketi kwenye roshani ya Mtawala, barafu katika kikombe chake iligeuka maziwa ya moto wimbo ulipoanza. Barafu ya vikombe vingine haikubadilika. Mtoto alikunywa, akasinzia. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na Zanobi, mgandishaji barafu wa kasri, akawa anamwekea kitambaa cha kushikia kikombe asiungue.

"Wewe imba tu, dada," alimwambia Ortensia. "Unanipunguzia kazi. Kikombe kimoja siku hizi sihangaiki kukigandisha."

Sasa Leopoldine alikuwa anaolewa mbali, katika nyumba isiyo na opera. Jioni ya kumuaga, Ortensia alitaka jambo moja tu: binti amtazame. Kuitwa mama hakukutarajia. Amtazame tu, maana miaka yote macho yake yalikuwa kikombeni.

Aliimba kuliko alivyowahi kuimba. Leopoldine aliyapuliza maziwa yake, akanywa taratibu, akalamba midomo, akamnong'oneza mlezi wake kitu. Hakuinua uso hata mara moja.

Mwishoni mwa opera mama na mwanawe mfalme walikumbatiana jukwaani, kwa kuwa mbele ya Mtawala hadithi haikuruhusiwa kuisha vibaya. Mtawala akalia kwa kwikwi, kama kila mwaka.

"Damu nzito kuliko maji, jamani," aliwaambia wageni, akijifuta machozi.

Pazia liliposhuka, Zanobi alimkuta Ortensia akivua taji lake la bati.

"Bi Leopoldine kanitumia mtu," alisema. "Anauliza yale maziwa yanatengenezwaje, wampikie huko aendako. Nimjibu nini, dada?"

Ortensia aliliweka taji mezani.

"Yawe ya moto," alisema. "Na asali kidogo."

"Basi?"

"Na mtu wa kumwimbia." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, hilo usilitaje. Mwambie asali tu."

Zanobi akapanda ngazi, akamwambia asali tu.