Pampu Iliyonyamaza

Baba alipopiga simu asubuhi, alikuwa akipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Pampu ya mafuta imekufa tena, alisema. Hata ile mpya imekufa, wauza vipuri wa siku hizi ni matapeli watupu. Akakata simu bila kungoja jibu. Bintiye, fundi wa majokofu, alifunga mkoba wake wa vifaa akaenda.

Alimkuta bandani nyuma ya nyumba, ameinamia ndege yake. Ilikuwa ndege ya mfano, ndefu kama kitanda, lakini injini yake ilikuwa jeti kweli kweli, japo ya kubebwa kwa mkono mmoja. Tangu mkewe afariki, mzee hakuwa na mwenzi mwingine. Leo mkia wa ndege ulikuwa umeungua, rangi imefura malengelenge.

Binti aliuliza kama iliwaka moto. Mzee aliendelea kukwangua rangi iliyoungua. Baba mdogo, aliyekaa mlangoni, ndiye aliyeeleza. Alimsihi kaka yake aiache mpaka binti afike, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kila alipowasha, mzee alilalamika kwamba pampu haisukumi, akaiongezea nguvu, mpaka injini ikabugia mafuta kuliko inavyoweza kuyachoma, ikatema moto kwa nyuma.

Binti akaanzia mwanzo, kama alivyofundishwa na huyo huyo baba. Alitazama mrija wa mafuta kama una viputo vya hewa, hakuona kitu. Akafungua chujio, safi. Akapima betri, imejaa. Kisha akachomoa mrija kwenye injini, akautia ndani ya kopo, akairudisha nguvu ya pampu ilivyokuwa zamani, akaiwasha pampu peke yake. Mafuta yakatiririka bila kukatika, na pampu ikalia kwa sauti nyembamba, kama mbu aliyekuja kwa shari.

Mzee akatikisa kichwa. "Unaona? Kimya. Pampu nzima huimba."

Binti alidhani anatania. Utani haukumpungukia kamwe. Huyu ndiye aliyekuwa akitambua ugonjwa wa mashine akiwa mezani na kikombe cha chai, mashine ikiwa chumba cha pili. Akamtazama baba mdogo, naye akainamisha macho. Pampu iliendelea kulia katikati yao watatu.

Binti angeweza kusema ndiyo, imekufa, nitakutafutia nyingine. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mzee angeongeza tena nguvu, na safari nyingine usingeungua mkia tu. Binti akamshika baba mabega, akamgeuza taratibu ili amwone midomo.

"Baba, inaimba. Hata sasa inaimba."

Mzee alimtazama ndugu yake. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akasema amejua kwa muda, ila alikosa pa kuanzia. Mzee akanyoosha kidole, akakiweka juu ya pampu. Akakiacha pale mtetemo ukimpanda mkononi, uso wake ukiwa umetulia kama ukuta.

"Zima," alisema mwishowe.

Kisha, kwa sauti kubwa kupita kiasi, akamwagiza binti amwage mafuta yote na apitishe oili kwenye pampu, isije ikaganda kwa kukaa muda mrefu. Kwenye kiwanja cha kurushia ndege, yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha nyumbani warushaji wazembe. Asiyesikia injini ya mwenzake ikija nyuma yake, alikuwa akisema, ataua mtu. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Binti alitaja daktari wa masikio, na vile vifaa vya kuvaa. Mzee alisema wataona, kama asemavyo mtu asiyetaka kuona.

Wakaifunika ndege kwa turubai. Mzee akatangulia kuelekea nyumbani, mikono nyuma. Baba mdogo akamwita, amesahau miwani yake mezani, akamwita tena, kwa nguvu zaidi.

Mzee hakugeuka.