Kengele Mara Tatu kwenye Mlima Kibuyu

Kabla ya kuingiwa na wazimu wa mbio, Lukumani alikuwa msukuma kinga kama wengine. Kinga ndiyo baiskeli kule Kasongo, na msukuma kinga ni mtu anayefunga magunia na vidumu juu yake mpaka yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kwa miguu kutoka Kabambare hadi Kasongo, siku nne, tano, mvua ikiamua hata sita. Miaka kumi na minane aliifanya kazi hiyo pamoja na Pierre, aliyemzidi umri kidogo na ambaye Lukumani alimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Walikula sahani moja na kulala chini ya turubai moja. Ukimtoa mkewe, hakuna aliyejua vizuri kama Pierre jinsi Lukumani anavyokoroma.

Sasa, kwenye barabara hiyo, kilomita saba hivi kabla ya kuingia Kasongo, kuna mlima unaitwa Kibuyu. Ukitokea upande wa Kabambare ni mkali, na ukiwa na mzigo huupandi peke yako. Wasukuma kinga wana desturi yao pale. Ukifika chini, unapiga kengele mara tatu. Yeyote anayesikia, awe anakwenda au anarudi, ana mzigo au hana, anaacha shughuli yake na kuja kukusukuma mpaka juu. Na kabla hujapiga, hakuna anayeruhusiwa kuugusa mzigo wako, kwa sababu zamani wezi walikuwa wanajifanya wasaidizi. Haikuandikwa popote, lakini wote waliifuata.

Wazimu wenyewe uliletwa na simu ya Joël, mnunuzi wa dhahabu kutoka Bukavu. Ndani yake mlikuwa na video za mbio za baiskeli, mbio za saa, zile ambazo kila mtu anaondoka peke yake na anashindana na dakika tu, hakuna kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake ili akukingie upepo. Lukumani alizitazama mpaka Joël akaanza kusema betri ya simu haina moto hata ikiwa nao. Halafu, kama vile shetani alikuwa anasikiliza, vijana wa parokia wakatangaza mbio za namna hiyo: kutoka kiwanja cha mpira cha Kasongo kwa barabara ya Kabambare, kilomita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Mshindi atapewa kinga mpya, ya fremu nene, ya kubebea mizigo.

Lukumani alikuwa na miaka arobaini na tatu. Mtu wa umri huo anapaswa kusikia tangazo kama hilo, kucheka kidogo na kwenda kulala. Yeye alichukua spana.

Aliugeuza usukani juu chini ili mikono ishuke. Akapandisha kiti, akakisogeza mbele mpaka kikakaa karibu juu ya pedali. Katikati ya usukani akafunga vipande viwili vya ubao, juu yake akagandisha soli za sandali kuukuu, na hapo ndipo viwiko vililala. Mgongo ukawa bapa, kichwa kikazama kati ya mabega, na macho yakabaki kuona gurudumu la mbele na hatua chache za udongo. Mkewe, Mamy, alisema mumewe anaendesha kinga kama mtu anayetafuta sindano. Kisha Lukumani akang'oa madigadi, stendi, chuma cha mizigo, na mwisho kabisa akang'oa kengele.

"Hii ni uzito bure," alisema.

Pierre, aliyekuwa amekaa pale akimtazama, aliiokota. Ilikuwa kengele ya zamani, yenye kibonyeo pembeni. Aliifuta kwa shati, akaitia mfukoni.

"Nipe mwezi moja, yaya," Lukumani alimwambia. "Nifanye mazoezi. Nitarudi kwa kazi."

"Mwezi moja," Pierre alisema. "Lakini mimi siko kijana. Usipitishe."

Basi Pierre akawa anakwenda Kabambare peke yake, na Lukumani kila alfajiri anafukuzana na saa yake ya mkono aliyoifunga kwenye usukani. Na tusimwonee, alijifunza vizuri. Alijifunza kutoanza kwa pupa. Alijifunza kukanyaga kwa nguvu dakika tano, kupumzisha miguu dakika mbili, kisha tano tena, bila kukwepa hata moja. Kitu kimoja tu kilimshinda: kupanda Kibuyu chini ya dakika sita bila kuweka mguu chini.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu miguu ilikubali. Alikuwa anarudi, ameukaribia mlima, pumzi imetulia, na saa inasema leo ndiyo leo. Akasikia kengele mara tatu. Chini ya mlima alikuwa Pierre, na magunia mawili ya mchele na vidumu vinne vya mawese.

"Mudogo, umefika saa ya Mungu," Pierre alisema.

"Nakuja, yaya. Acha nifike juu, nitageuka."

Alifika juu kwa dakika tano na sekunde hamsini. Na hapo, badala ya kugeuka, akawaza kwamba akimaliza na kilomita saba za mwisho atajua muda wake wote. Alijiambia Pierre ana subira, na kwamba watu wengine watapita. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akateremka hadi Kasongo, akaandika muda wake, akanywa maji, ndipo akarudi.

Pierre alikuwa amengoja, kisha akajaribu mwenyewe. Katikati ya mlima mzigo ulimshinda, kinga ikarudi nyuma na kumwangukia. Lukumani alimkuta amekaa kando ya barabara, kifundo cha mguu kimevimba, fremu imekatika, mawese yametiririka mpaka mtaroni. Pierre hakumtukana. Alisema tu, "Ulisema unageuka."

Mguu ulipona nusu. Kinga haikupona hata kidogo, na bila kinga nyumba ya Pierre haikuwa na njia ya kula. Lukumani alikwenda kumwona kila jioni, na kila jioni alishindwa kuomba msamaha kama watu wanavyouomba. Badala yake alisema, "Ile kinga ya mbio nitaishinda, yaya. Itakuwa yako." Pierre alitazama mguu wake. Kuanzia hapo Lukumani hakutaka sifa tena. Alitaka ile kinga, aisimamishe mbele ya mlango wa Pierre, na mambo yarudi yalivyokuwa.

Siku ya mbio walikuja watu kumi na wawili. Mama Ernestine wa parokia alishika saa na daftari, akawaachia mmoja mmoja, dakika tatu kati ya mtu na mtu. Nyuma ya Lukumani aliondoka mwalimu Clovis wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye mapaja ya kutisha, ambaye watu wengi walimtabiria ushindi. Kinga ya mwalimu ilikuwa na kila kitu chake, hata kengele.

Lukumani alikwenda vizuri kuliko siku zote. Aligeukia kwenye pipa walilowekewa, upepo ukapita juu ya mgongo wake kama haupo, na alipoutazama uso wa saa akajua kinga imekaribia kuwa ya Pierre. Ndipo akakaribia Kibuyu na kusikia kengele. Ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu.

Alikuwa mjane mmoja anaitwa Aurélie, muuza mawese, na kinga iliyolemewa na vidumu. "Baba, nisaidie kidogo," alisema, taratibu, kama mtu anayejua atasaidiwa.

Lukumani alipiga hesabu. Kumfikisha mama yule juu na kurudi kuchukua kinga yake ni dakika tano, si chini ya hapo. Akishuka hapa, watoto wa Pierre watakula nini? Akainamisha kichwa. Mlimani hakuna upepo wa kukwepa. Mlimani mtu huinua kifua apate pumzi, na yeye alilijua hilo kuliko wote waliokuwa barabarani siku ile. Lakini aliinama mpaka kidevu kikagusa mikono, akaona gurudumu, udongo, na miguu ya mama yule ndani ya sandali za plastiki ikipita pembeni. Kisha akaona gurudumu na udongo tu.

Alimaliza kwa saa moja na dakika nne. Mwalimu Clovis, saa zilipolinganishwa, alikuwa ametumia saa moja na dakika sita. Alishuka na shati limejaa mawese, mpaka kwenye mikono.

"Ulianguka, mwalimu?" Mama Ernestine aliuliza.

"Hapana. Kuko mama alipiga kengele pale Kibuyu."

Wasukuma kinga waliokuwepo kiwanjani walimgeukia Lukumani, wote. Kila mmoja alikuwa anajua ni nani aliyetangulia kupita pale. Angeweza kusema papo hapo kwamba kinga ni ya mwalimu. Maneno yalikuwa mafupi, na Clovis alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Miaka yote iliyobaki atakuwa anayasema maneno hayo akiwa peke yake. Siku ile alisema asante, akashika usukani wa kinga mpya na kuondoka nayo.

Pierre alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Habari ilikuwa imeshafika, kwa maana Kasongo habari haingoji mtu avue viatu.

"Mama Aurélie, ulimuona?" Pierre aliuliza.

"Nilimuona."

"Na kengele, ulisikia?"

"Nilisikia, yaya. Niliwaza wewe. Niliwaza batoto."

Pierre alishusha mguu kutoka kwenye kigoda. Alimpenda yule mtu, na ilimuuma kumtazama.

"Kinga nitachukua," alisema. "Nikikataa, ni batoto ndiyo bataumia. Lakini usiseme ulimupita yule mama kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma."

Lukumani alirudisha usukani wake ulivyokuwa, akashusha kiti, akafunga chuma cha mizigo. Alinunua hata kengele mpya. Pierre alianza safari tena lakini hakumpitia alfajiri kama zamani, na Lukumani alipouliza, aliambiwa ameshaondoka. Basi Lukumani akaanza kwenda Kibuyu siku za wasukuma kuingia, anakaa chini ya mlima na kungoja. Alimsukuma Aurélie. Aliwasukuma watu wa Nyangwe asiowajua hata majina. Mikono yake ikawa inanuka mawese kila siku.

Wiki ya nne Pierre akatokea, peke yake, akichechemea kando ya kinga iliyosheheni. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Lukumani alisimama. Kwenye usukani wa kinga mpya aliiona kengele yake ya zamani, ile ya kibonyeo pembeni, imesuguliwa mpaka inang'aa. Akasogea karibu na kungoja ilie.

"Jambo, mudogo," Pierre alisema.

"Jambo, yaya."

Pierre aliegemeza kinga kwenye gogo na kufungua kamba. Akashusha gunia la kwanza, akalitia begani, akaanza kupanda nalo kwa mguu wake mbovu, akipumzika kila hatua kumi. Akashuka, akachukua la pili, halafu vidumu, kimoja kimoja. Alipanda na kushuka mara sita, mwisho akaisukuma kinga tupu. Lukumani alisimama kando ya mzigo ule muda wote, mikono mitupu, maana desturi aliijua, na mwenye mzigo hakupiga kengele.