Nani Husafisha Mifereji ya Mirihi

Madaftari yalikuwa arobaini na matatu. Mwalimu Yuditha aliyapanga mezani kwa safu nne kabla ya kufungua la kwanza, kama alivyofundishwa chuoni na kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Alipofika la sita alikwisha kujua yaliyobaki yana nini. La saba alilisoma kwa ajili ya haki tu, mtoto asije akaonewa. La nane aliliweka chini, akavua miwani, akaitazama migomba nje ya dirisha la ofisi ya walimu.

Alikuwa amewaambia darasa la sita wafanye utafiti juu ya sayari. Neno hilo alilieleza kipindi kizima: utafiti ni kuwa na swali, kulitafutia jibu katika vyanzo zaidi ya kimoja, kisha kuandika ulichokipata kwa maneno yako mwenyewe. Watoto wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti moja, na sauti hiyo moja ndiyo ingepaswa kumshtua.

Sasa wote walikuwa wameandika hivi: "Katika sayari ya Mirihi kuna mifereji mirefu iliyonyooka, ambayo baadhi ya wataalamu wanaamini ilichimbwa na viumbe wenye akili. Tazama mchoro wa tisa."

Mchoro wa tisa haukuwepo katika daftari lolote. Haukuwepo hata ndani ya kitabu, maana ukurasa wake ulikwisha kung'olewa kabla Yuditha hajahamia shule ile. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja kwa darasa zima, hakina jalada, na kilichapwa kabla yeye hajazaliwa. Na huu ulikuwa mwezi wa Julai 1997. Wiki mbili tu zilizopita, kwa betri alizozinunua Sanya Juu, alikuwa amesikia redioni kwamba chombo kimetua Mirihi na kushusha kigari chenye magurudumu sita. Aliileta habari ile shuleni asubuhi kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni. Watoto wakapiga makofi, kisha wakaenda kunakili mchoro usiokuwepo.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kitabu cha kufaa kilikuwepo. Kilikuwa hatua thelathini kutoka alipoketi, ndani ya kabati la vioo katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kanisa rafiki la Ujerumani lilikuwa limenunua vitabu sitini vya Kiswahili kwa ajili ya shule, na kimoja kilihusu vyombo vilivyotumwa kwenye sayari, kina picha za rangi. Huu ulikuwa muhula wa tatu Yuditha anakitazama mgongo tu kupitia kioo. Ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa mwalimu mkuu, Mwalimu Gidioni, kwenye kamba moja na filimbi.

Akayakumbatia madaftari, akaenda.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu Yuditha. Ukija na uso huo najua ni kabati."

"Ni kabati."

"Wageni wanakuja Oktoba. Watataka kuviona vitabu vyao."

"Walivitoa kwa ajili ya watoto, Mwalimu Mkuu."

"Walivitoa, na watakuja kuviangalia." Mwalimu Gidioni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuaibika. "Mwaka themanini na tisa niliazimisha vitabu kumi na viwili. Vikarudi saba. Kimoja kilirudi nusu, nusu nyingine babu wa mtoto alikuwa amesokotea tumbaku. Nikasimamishwa mbele ya kamati ya shule kueleza. Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Na hao watoto wako hawasomi, wananakili. Ukiwapa kitabu kipya watanakili kipya. Kwa kazi hiyo hata cha zamani kinatosha."

Ushahidi wa maneno hayo Yuditha alikuwa ameukumbatia kifuani. Labda mwalimu mkuu aliliona hilo, kwa maana alilegeza sauti.

"Nikuambie. Alhamisi saa nne nitaingia darasani kwako na hicho kitabu cha sayari. Nipatie mtoto mmoja mwenye swali. Swali lake, si lako. Nikilisikia, ufunguo utakuwa wako. Nisipolisikia, habari ya kabati tusiizungumze tena mpaka wageni waje na waondoke."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alipoingia darasani aliandika tarehe ubaoni, akaipigia mstari kwa rula, akageuka. "Nani anaamini kwamba mifereji ya Mirihi ilichimbwa?"

Mikono arobaini na mitatu ikapanda.

"Mfongo haujichimbi, mwalimu," alisema Jackson, ambaye baba yake mdogo alikuwa katika kamati ya mfongo, yaani ule mfereji unaotoa maji mtoni na kuyapeleka kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya kijiji kizima. "Hata huu wetu ulichimbwa na ukoo wa kina Ndelilio. Wanajisifu mpaka leo."

"Tuliuchimba kweli," Ndelilio akajibu kutoka nyuma. "Nyinyi mlikuwa mmelala."

"Mlichimba mkapindisha. Ndiyo maana kwetu maji hayafiki."

"Maji hayafiki kwenu kwa kuwa baba yako hafiki kwenye msaragambo."

Darasa likacheka, kwa maana kila mtu alijua ni nani huitoroka siku hiyo ya kazi ya pamoja ya kuusafisha mfongo. Yuditha aligonga meza kwa chaki.

"Hakuna aliyechimba. Kitabu kimekosea."

Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kusikia sentensi ile kinywani mwa mwalimu.

"Kama kitabu kinakosea, mwalimu," alisema msichana wa karibu na mlango, Kindness, aliyekaa pale kwa sababu mara nyingi alichelewa, "hicho kipya tunachokiona kwenye kabati la Mwalimu Mkuu tutajuaje kwamba chenyewe hakikosei?"

"Kwa sababu vyombo vimekwenda huko vikapiga picha."

"Tunaweza kuiona hiyo picha?"

"Hapana."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Imefungiwa."

"Basi sisi tubaki na hiki hiki," alisema Jackson. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana Yuditha aliumia.

Akawapa kazi nyingine, akijitahidi sauti isionyeshe hasira. Kila mmoja aende akautazame mfongo, kisha akatazame korongo. Aandike mtu anaweza kujuaje ni upi uliochimbwa na ni lipi lililokatwa na maji yenyewe. Asinakili popote. Alete kesho.

Kesho yake waliofanya walikuwa watatu. Tisa walikata majani ya ng'ombe mpaka giza likaingia. Wengine walisahau. Wanne walisema mvua, na mvua haikunyesha. Jackson aliandika ukurasa mzima wenye mwandiko mzuri, kisha ikagundulika kwamba Ndelilio naye ana ukurasa huo huo, neno kwa neno, na kila mmoja akaapa kuwa mwenziwe ndiye mwizi. Yuditha alikuwa mvumilivu, na watu walimsifu kwa hilo. Lakini siku ile alihisi uvumilivu wake kama kanga iliyofuliwa mara nyingi mno.

Daftari la Kindness lilikuwa la mwisho. Nusu ukurasa, mistari imepanda na kushuka: "Mfongo unazunguka mlima polepole. Korongo linateremka moja kwa moja. Nimeupima mfongo kwa miguu yangu, upana ni ule ule, hatua mbili. Korongo linaanza jembamba, linapanuka kila linapokwenda. Mfongo usiposafishwa mwaka mmoja unazibwa na majani na tope. Kwa hiyo nauliza, ile ya Mirihi nani huisafisha?"

Yuditha aliisoma mara mbili, akiwa amesimama. Hakuandika alama. Alilitia daftari lile kwenye mkoba wake, akaenda nalo nyumbani.

Alhamisi saa nne Mwalimu Gidioni aliingia darasani na kitabu kimevikwa karatasi ya kaki. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakaketi. Dawati la karibu na mlango lilikuwa tupu kwa upande mmoja.

"Nimekuja kusikiliza swali," alisema mwalimu mkuu.

Mikono ikapanda mingi, jinsi walivyozoeshwa.

"Sayari ziko ngapi?"

"Hilo ni la mwalimu wako. Mwingine."

"Mirihi ni ya ngapi kutoka kwenye jua?"

"Hilo ni la mtihani. Mwingine."

Walikwenda hivyo mpaka mikono ikaisha. Mwishowe Jackson akainuka. "Mwalimu Mkuu, wewe una swali?"

"Mimi nina ufunguo," alisema Mwalimu Gidioni, na hata yeye alikaribia kutabasamu.

Yuditha aligeukia dawati la mlangoni. "Kindness yuko wapi?"

"Yuko mfongoni, mwalimu," alijibu Ndelilio. "Leo ni msaragambo. Baba yake yuko Mererani kwenye machimbo, na mama yake kajifungua juzi. Nyumba isipotoa mtu, zamu yao ya maji inarukwa."

Swali pekee katika darasa zima lilikuwa limesimama ndani ya tope. Yuditha alilitoa daftari mkobani, akalisoma kwa sauti, pole pole, mpaka neno la mwisho. Mwalimu mkuu alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwandiko ni wa mtoto," alisema. "Lakini swali ni la nani, nitajuaje?"

"Twende ukamwulize."

"Saa hizi?"

"Mfongo unapita nyuma ya vyoo vya shule, Mwalimu Mkuu. Na wewe ni mtu wa mfongo huo huo."

Watoto walifunika vinywa kwa mikono. Mwalimu Gidioni aliitazama saa yake, akautazama mlango, akatoka. Darasa zima likafuata, na Yuditha hakuwazuia; akawataka tu waende wawili wawili.

Wanaume kama ishirini walikuwa wakizoa tope kwa majembe na makoleo. Mwenyekiti wa mfongo, Mzee Melkior, aliinua kichwa.

"Afadhali umefika, mwalimu. Tulikwisha kukuandika kwamba hukufika."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na kitabu."

"Marahaba. Hicho kitazoa tope?"

Kindness alikuwa ndani ya mfongo, sketi ya shule ameipandisha na kuifunga kiunoni juu ya suruali ya baba yake, panga mkononi. Miaka ya nyuma mwanamke asingeruhusiwa hata kuusogelea. Siku hizi wanaume walikuwa machimboni na mijini, na kamati ilikwisha kujifunza kutotazama. Aliamkia kutoka huko chini.

"Mwalimu wako amenisomea ulichoandika," alisema mwalimu mkuu. "Nataka nikusikie mwenyewe." Akavua karatasi ya kaki, akafungua kitabu kwenye picha iliyopigwa kutoka juu ya Mirihi, akachutama ukingoni. "Tazama. Usiguse."

Kindness aliiweka mikono nyuma, akainamia picha. Alimtupia Yuditha jicho la kuomba msaada. Yuditha aliuma mdomo wa chini. Neno moja tu kutoka kwake, na swali lisingekuwa la mtoto tena.

"Hii haikuchimbwa," alisema Kindness hatimaye.

"Umejuaje?"

"Ina matawi. Haya madogo yanaingia kwenye hili kubwa. Mfongo hufanya kinyume, mkubwa ndio unaoigawia midogo."

Mzee Melkior alikuja kuchungulia juu ya bega la mwalimu mkuu. "Hilo ni korongo. Mtu akituchimbia hivyo tunamtoza faini."

"Sasa hivi hapo pana maji, mwalimu mkuu?" Kindness aliuliza.

Mwalimu Gidioni alisoma maandishi ya chini ya picha. "Hapana. Pakavu. Wanasema maji yalipita zamani sana."

"Yalikwenda wapi?"

Mwalimu mkuu alifunua ukurasa uliofuata. Akafunua mwingine. Akarudi nyuma. Majembe yalikuwa yamenyamaza.

"Watu wa juu wameyaziba," alisema Mzee Melkior, na mfongo mzima ukaangua kicheko, kwa kuwa huo ulikuwa ugomvi wao wa kila kiangazi. Mwalimu Gidioni peke yake hakucheka. Alikuwa bado akitazama ukurasa. Baadaye alikifunga kitabu, akafungua fundo la kamba shingoni, akabaki na filimbi, na ufunguo akautia mkononi mwa Yuditha.

"Jumatatu," alisema baada ya hatua chache, bila kugeuka. "Wanawe mikono kwanza."

Jumamosi Yuditha alikaa mezani kwake na daftari jipya la kaunta, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kitabu, swali ninalotafutia jibu, siku ya kurudisha. Alifurahi kwa namna ambayo asingeweza kumweleza mtu. Jumatatu watoto wote arobaini na watatu walipanga mstari kwenye ndoo, wakanawa kwa sabuni, hata Jackson, hata kucha. Akawaacha wameketi, mikono juu ya madawati, akaenda kabatini.

Ufunguo ulizunguka vizuri. Kati ya kitabu cha ufugaji wa nyuki na kile cha wanyama wa majini palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili.

Mwalimu Gidioni alikuwa mezani, akijishughulisha sana na rejesta ya mahudhurio.

"Mwalimu Mkuu, kitabu cha sayari sikioni."

"Kipo nyumbani."

"Nyumbani?"

"Nilikwenda nacho moja kwa moja siku ile, ufunguo ukiwa kwako." Hakuinua macho. "Nimefika ukurasa wa sitini na mbili. Bado hawajasema yalikwenda wapi."

"Watoto wamenawa mikono."

"Nitakileta nikimaliza."

"Ulisema ufunguo ni wangu."

"Si unao?"

Yuditha aliutazama ufunguo kiganjani. Muhula wa tatu huu. Kisha akalifungua lile daftari la kaunta, akaliweka juu ya rejesta, akaweka na kalamu. Mwalimu mkuu aliitazama mistari iliyonyooka, akaandika tarehe, akaandika jina lake na la kitabu. Kwenye safu ya swali alikaa muda mrefu, kisha akaandika kwa herufi ndogo. Kwenye safu ya mwisho aliinua kalamu.

"Hapa andika wewe," alisema.

Yuditha aliandika "Kesho", akaipigia mstari kwa rula, akasubiri mpaka aliposaini. Kisha akarudi darasani, ambako mikono themanini na sita ilikuwa imekwisha kukauka juu ya madawati, akisaka njiani namna ya kuwaambia.