Alama ya Vema Nyekundu

Yuliana aliingia ofisi ya mwalimu mkuu amefura kwa hasira. Hakukaribishwa kiti, akakaa. Binti yake Flaviana, wa darasa la nne, alisimama pembeni yake, vidole vya mkono wa kulia vimevimba hata kalamu haishikiki.

Mwalimu mkuu, Theonest, alisema kwa upole kwamba mtoto aliteleza kwenye ngazi. Rogers, mwalimu wa Kiingereza, akaongeza, kwa uso mkavu kabisa, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumgusa mwanafunzi. Flaviana aliinamisha kichwa.

Kisha Theonest akasogeza karatasi iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Mama atie saini tu hapo chini, ni utaratibu. Walikwishaona kanga aliyovaa, wakahesabu kwamba Kiingereza hakijui. Hawakujua kwamba miaka kumi na minane ya kuwauzia Wazungu vinyago pale Mwenge ilimfundisha Yuliana mengi zaidi ya kutaja bei. Aliisoma yote. Ilisema mtoto alianguka mwenyewe na mzazi hana malalamiko.

Akairudisha mezani. "Mwalimu, mie mnanionaje?"

Theonest alishusha pumzi. Akasema basi litakuwa neno la mtoto dhidi ya neno la mwalimu, na watoto wanajulikana kwa uongo.

Uongo! Yuliana alifungua mkoba, akatoa daftari la Kiingereza alilolipekua asubuhi ile akitafuta mwanawe kakosa nini. Wiki iliyopita Rogers aliwapa zoezi: watunge sentensi tano kwa kitenzi "hit". Yuliana aliweka kidole kwenye sentensi ya nne, akamtaka mwalimu mkuu aisome kwa Kiswahili, wasikie wote.

Theonest alikohoa. "Mwalimu Rogers ananipiga kila Jumatatu."

Pembeni ya sentensi ilikaa alama ya vema, nyekundu, na chini yake saini ya Rogers.

Rogers alijipangusa jasho.

"Mama, mie huwa naangaliaga sarufi tu," alisema.

Yuliana alitamani kumzaba kibao, akajizuia kwa sababu mwanawe alikuwa anatazama. Aligeuza ile karatasi upande mweupe, akaisukuma mbele ya Rogers pamoja na kalamu.

"Andika upya kilichotokea, kwa kitenzi hichohicho ulichowafundisha. Flaviana atasahihisha."

Rogers aliishika kalamu. Flaviana akainua kichwa, akasogea mezani.