Msikate, Sogezeni

Mineke, fundi aliyepewa kazi ya kukirudishia kinanda cha kanisa sauti yake ya kale, alimwonyesha Luitje ncha ya bomba moja la sauti la kinanda hicho, lenye umri wa karne tatu. Ilikatwa ovyo, kama mkate uliokatwa na mlevi. Mamia ya mabomba yalikuwa hivyo hivyo.

"Huyu hakuwa fundi, huyu mchinjaji," alisema. "Mzee, si ulikuwepo? Nani aliamuru?"

Luitje alijibu alivyojibu kwa miaka arobaini na moja: mpiga kinanda, marehemu Tjaart Wiersema.

Ukweli aliujua. Bendi ya tarumbeta ya kijiji ilitaka kupiga pamoja na kinanda siku ya Pasaka, na kinanda kilikuwa chini kwa nusu sauti; bomba likiwa fupi, sauti hupanda. Tjaart akamwandikia msimamizi wa mafundi, yaani Luitje mwenyewe, kikaratasi: msikate, sogezeni. Kila bomba lihamie kiti cha jirani yake mrefu, lililo refu kuliko yote litunzwe, na dogo moja jipya liongezwe mwishoni. Ni kazi ya subira, na haraka haina baraka, lakini Luitje alikuwa kijana mjuaji na Pasaka ilikuwa mlangoni. Akashika msumeno. Vipande vikayeyushwa, kikaratasi kikachomwa. Waumini waliposikia kinanda kinapiga kelele kama bata, Luitje alisema kaagizwa. Tjaart alikana, hakuna aliyemsikiliza. Wakamvua cheo, naye akakaa benchi la nyuma hadi kufa kwake, miaka thelathini, haimbi.

Sasa wazee wa kanisa walikuwa wametayarisha kibao cha kutundikwa ukutani: kinanda kiliharibiwa kwa amri ya T. Wiersema. Luitje alikisoma. Jumamosi akaenda kwa Frouke, binti wa Tjaart. Frouke akamimina kahawa, akampa biskuti moja, akafunika mkebe. Luitje akasema yote, aibu ikimchoma hata asiweze kumtazama.

"Usiniambie mimi," Frouke alisema. "Kawaambie waliomvua cheo."

Jumapili baada ya ibada Luitje alisimama akawaambia waumini. Kisha mzee mmoja akamshika bega, akasema yaliyopita si ndwele. Wengine wakafuata kumpa mkono, na mmoja akausifu ujasiri wake. Luitje aliona mzigo umemtoka, akajichukia kwa kuona hivyo.

Wakati wa kahawa Frouke alimsogelea.

"Wamekusamehe?"

"Wamenisamehe."

"Na kibao?"

"Kitaandikwa upya. Hakitakuwa na jina la mtu."

"La baba lilikuwemo," alisema Frouke. "Yeye hawakumwonea huruma hii. Kahawa yako haijapoa, Luitje, na umeshasamehewa."

Luitje aliweka kikombe chini, akamfuata mzee wa kanisa aliyekuwa akikusanya vitabu vya zaburi. Akamwomba kibao kitaje nani alikata, nani alikataza, na nani alisema uongo. Aliomba mara mbili, mara ya pili akiwa ameshika mkono wa koti la mzee huyo.

Mzee yule akatabasamu kwa upole. "Acha, ndugu yangu. Mbona unajitesa? Hakuna hata mmoja hapa anayekulaumu."

Nyuma ya mzee, Frouke alikuwa amekwisha kuvaa koti, anatoka.