Mizunguko Mitatu ya Ziada

Yeye ndiye aliyemwingiza baba mkwe wake, baba wa mumewe, kwenye karakana ile. Alikuwa mpimaji wa koili, na msukaji alipoacha kazi alimtaja mzee huyo, ambaye alikuwa akisuka koili za mota tangu ujanani. Koili za hapo zilikuwa ndogo, za saketi za kuchajia betri: waya mwembamba, mizunguko hamsini kwenye pete, na mashine ya kupimia nguvu ya koili isome maikrohenri mia moja.

Asubuhi moja alichelewa. Kila siku kabla ya kupima alitakiwa avigusanishe vibanio viwili vya mashine na kubonyeza kitufe cha sifuri, ili mashine isihesabu nyaya zake yenyewe. Siku hiyo alibonyeza mbiombio, kisha ndipo akaona kikoili cha kazi nyingine kimesahauliwa kwenye vibanio. Akakitoa, akakitupa kwenye kopo, akaanza kupima bila kubonyeza upya.

Koili ya kwanza ya mzee ikasoma themanini na nane. Ya pili vivyo hivyo. Hata ya kumi.

"Baba, hizi zimepungua mizunguko," alisema, mafundi wote wakisikia.

"Nimehesabu hamsini, mwanangu."

"Mashine haina macho ya kuzeeka, baba."

Mafundi wakacheka. Hata mpimaji alitabasamu. Mzee alichukua koili moja, akaongeza mzunguko mmoja mmoja mpaka mashine ikasema mia: mitatu zaidi. Kufika jioni alikuwa ameziongezea koili zote sitini za siku hiyo.

Kesho yake mhandisi aliyebuni saketi akaja na koili mkononi.

"Kwangu hizi zinasoma mia na kumi na mbili. Nani kaongeza mizunguko?"

Kumi na mbili. Mpimaji akatupia jicho lile kopo. Kile kikoili kilikuwa cha maikrohenri kumi na mbili. Mashine ilikihesabu kama nyaya zake, ikawa inakitoa kwenye kila kipimo.

"Ni mimi," mzee alisema. "Macho haya hayanisaidii tena."

Mhandisi hakugomba. Alisema tu watamtafutia mzee kazi nyepesi zaidi. Mpimaji akainamia mashine kana kwamba anasoma kitu.

Jioni alimpakulia mzee chakula. Mzee akamgeukia mwanawe, mume wa mpimaji, akasema kwa upole, "Ukipata nafasi nipeleke nikapimwe macho. Nimeanza kuharibu kazi za watu."

Hapo ndipo mpimaji alipoelewa kwamba mzee hakuwa akimfichia aibu. Aliamini kweli kuwa kosa ni la macho yake. Akalirudisha tonge sahanini, akainuka kwenda jikoni, akasimama huko bila kufanya lolote.

Asubuhi aliwaomba mafundi na mhandisi wasogee, akasema yote: kitufe, kikoili, na kwamba alijua tangu jana akanyamaza. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo zilikuwa hamsini?" mzee aliuliza.

"Zilikuwa hamsini, baba. Nisamehe."

"Haya. Lete tuzifungue."

Walikaa bega kwa bega wakifungua mizunguko mitatu, koili baada ya koili, na mzee hata akamtania kwamba kucha zake ni ndefu mno kwa kazi ile. Hakulitaja tena jambo hilo, wala nyumbani hakulipeleka.

Ila siku hizi anaposuka huhesabu kwa sauti. Akifika thelathini na kitu husita, hurudi nyuma, huanza upya, na mpimaji husikia kila namba mezani kwake.